Reli Nyembamba Haina Kosa: Dhana Potofu Kuhusu Treni za Usiku

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za reli kutoka Nairobi, na karibu kila mteja anayetaka kusafiri usiku huniletea maelezo yale yale kabla hata sijafungua ratiba: kwamba treni ya usiku ya reli ya zamani hutambaa kwa sababu reli yenyewe ni nyembamba, na kwamba Madaraka Express, treni ya reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, hukimbia kwa sababu reli yake ni pana. Nimeisikia kauli hii kwa walimu, kwa mawakili na kwa vijana wanaopiga picha za treni, na juzi nimeisikia kwa mhandisi wa majengo, mtu ambaye taaluma yake ingemwonyesha ukweli kwa dakika tano za kufikiri. Naomba nilijibu jambo hili kwa urefu, kwa sababu madhara yake si madogo. Mtu anayeamini kwamba upana wa reli ndio kila kitu ataamini pia kwamba njia ya Nairobi hadi Kisumu haiwezi kufaa kitu mpaka ing'olewe, na kwa hiyo hatadai ikarabatiwe.

Dhana: treni ya usiku huchelewa kwa sababu reli ni nyembamba

Reli ya zamani ina upana, yaani umbali kati ya vyuma vyake viwili, wa milimita 1,000, na ile ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435. Kama upana huo ndio ungeamua mwendo, basi treni zote za reli ya upana mmoja zingekwenda kasi moja, na sivyo ilivyo. Hapa kwetu, juu ya reli ile ile ya kisasa, treni ya abiria imewekewa kikomo cha kilomita 120 kwa saa na ya mizigo kilomita 80. Jirani zetu wa Tanzania wana reli ya upana huo huo kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na tangu mwaka 2024 treni zao za umeme hufikia kilomita 160 kwa saa. Malaysia nao, kwa reli ya mita moja kama ile yetu ya zamani, huendesha treni za umeme za abiria kwa kilomita 140 kwa saa, yaani kasi kuliko Madaraka Express. Afrika Kusini, mwaka 1978, treni ya majaribio ilifikisha kilomita 245 kwa saa juu ya reli ya milimita 1,067, upana ule ule wa TAZARA, reli ya kutoka Tanzania hadi Zambia.

Upana una faida zake na sizikatai. Reli pana humpa mjenzi nafasi ya behewa pana zaidi na refu kwenda juu, na behewa hilo husimama imara zaidi likiwa kwenye mwendo mkali. Hata hivyo, treni ya Kisumu inayotumia usiku mzima haijakaribia hata kidogo ule mwendo ambao wembamba wa reli ungeanza kuwa kizuizi. Kinachoizuia ni mambo mengine kabisa.

La kwanza ni kona. Mwendo ambao treni inaweza kupita nao kwenye kona salama hutegemea jinsi kona hiyo ilivyo pana na jinsi reli ya nje ilivyoinuliwa kuliko ya ndani. Ili treni ipite kwa mwendo mara mbili, ikiwa mwinuko wa reli ni ule ule, nusu-kipenyo cha kona lazima kiwe mara nne. Waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, wakafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901, walikuwa na haraka na hawakuwa na mashine za kukata milima. Kwa hiyo waliifuata ardhi ilivyolala: penye kilima walizunguka, penye bonde walishuka taratibu kwa kona nyingi. Reli ya kisasa ilijengwa na watu wenye matingatinga, waliojaza mabonde, wakachonga vilima na kuinua madaraja marefu ili njia inyooke. Lori moja likiwa kwenye barabara kuu ya Thika na likiwa kwenye mteremko wa zamani wa Mai Mahiu haliendi mwendo mmoja, na hakuna anayesema tofauti hiyo imeletwa na umbali kati ya magurudumu yake.

La pili ni miinuko. Treni ya Kisumu hutoka Nairobi na kupanda hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Naivasha, hupita Nakuru, hupanda tena hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, na kutoka hapo hushuka zaidi ya mita 1,300 mpaka ziwani. Kupanda kunadai nguvu ya injini, na kushuka kunadai uangalifu zaidi kuliko kupanda, kwa sababu dereva lazima aitunze hewa ya breki katika mteremko mrefu.

La tatu ni hali ya njia, na hapa ndipo ningependa wasomaji wangu wakazie macho. Mataruma, yaani mihimili inayolalia chini ya reli, yakichakaa, kokoto zikipungua au kalvati likidhoofika, sehemu hiyo huwekewa kikomo cha mwendo. Abiria hudhani kwamba kikomo cha mita 100 tu hupoteza sekunde chache. Lakini treni yenye urefu wa mita 250 lazima ianze kupunguza mwendo mapema, ipite taratibu, na dereva haruhusiwi kuongeza kasi mpaka behewa la mwisho litoke kwenye eneo hilo. Kisha injini inahitaji muda kuuvuta tena mzigo wote mpaka urudi kwenye mwendo wake, hasa kama mahali penyewe ni mwinuko. Weka vikomo kama hivyo kadhaa kati ya Nakuru na Kisumu na saa nzima itapotea bila treni kusimama popote. Huu ni ugonjwa wenye dawa, na dawa yenyewe inajulikana: kokoto, mataruma na mafundi wa njia. Sehemu hiyo ilikuwa imeachwa bila huduma ya abiria kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa, na Desemba 2021 treni ya abiria ikarejea juu ya reli ile ile ya mita moja.

La nne ni kupishana. Njia ni moja, kwa hiyo treni mbili zinazoelekeana lazima zikutane penye njia ya kupishania, moja ikiwa imeingia pembeni na kusimama. Msafiri huamka usiku wa manane, akasikia ukimya, akatazama nje na kuona taa moja ya stesheni ndogo na mtu mwenye koti zito anayetembea kando ya mabehewa akiinama kutazama magurudumu. Hudhani injini imeharibika. Ukweli ni kwamba dereva wake hana ruhusa ya kuingia katika kipande cha njia kilicho mbele mpaka treni ya mizigo inayokuja itoke humo, na kama hiyo ya mizigo imechelewa huko ilikotoka, kuchelewa kwake huhamia kwa abiria. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni takriban kilomita 400. Treni ikienda kwa kilomita 50 kwa saa bila kusimama, itafika kwa saa 8. Ikitumia saa 12, zile saa 4 zilizobaki zimemalizikia kwenye kusimama, kusubiri na kupunguza mwendo.

La tano husahaulika na karibu kila mtu: ratiba yenyewe hupangwa kwa ajili ya usingizi. Treni ya zamani ya Mombasa, ambayo ilifanya safari yake ya mwisho mwaka 2017, iliondoka Nairobi saa moja jioni ili mtu amalize kazi, ale chakula cha jioni ndani ya treni, alale, na aamke akikaribia pwani. Ingefika saa nane usiku ingekuwa adha kwa kila mtu. Huko Uingereza, treni ya usiku yenye vitanda kutoka London hadi Edinburgh hutumia saa 7 na zaidi, ilhali ya mchana hutumia kama saa 4 na nusu, na zote mbili zinatembea juu ya reli ya milimita 1,435. Ile ya usiku imepangwa kwenda polepole kwa makusudi, na abiria wake wanalipa nauli wakijua hivyo.

Kwa hiyo mteja akiniuliza kama treni fulani ya usiku itafika kwa wakati, sizungumzii upana. Namuuliza ana shughuli gani asubuhi ile. Mwenye mkutano saa tatu, mwenye ndege ya kuunganisha au mwenye harusi ya ndugu yake namwambia asafiri siku moja mapema, na ushauri huu siulegezi kwa yeyote, hata anapokasirika.

Dhana: Madaraka Express ya usiku ina vitanda

Haina. Ni treni ya viti, huondoka stesheni ya Syokimau saa nne usiku na hufika Miritini kabla ya saa kumi alfajiri. Ukiwa na wazee au watoto wadogo, fikiria kwanza mtafanya nini Miritini saa hiyo, kwa sababu bado mtakuwa mbali na katikati ya mji wa Mombasa. Pia haiendeshwi kwa umeme wa nguzo kama ile ya Tanzania: kichwa chake kina injini ya dizeli inayozungusha jenereta, na umeme wa jenereta hiyo ndio unaozungusha mota za magurudumu.

Dhana: usiku utawaona ndovu wa Tsavo dirishani

Imani hii imetokana na kumbukumbu ya kweli. Treni ya zamani ilitumia usiku mzima njiani, hivyo mapambazuko yaliwakuta abiria wakiwa bado katika nyika, na wengi, huku wakinywa chai yao, waliwaona wanyama. Treni ya usiku ya sasa huipita Tsavo gizani, na taa za ndani huufanya mwanga wote urudi kwenye kioo, hivyo utakachokiona ni uso wako. Anayetaka ndovu achukue treni ya asubuhi.

Dhana: hewa ya breki ikivuja, treni haiwezi kusimama

Ni kinyume chake. Katika mfumo wa breki za hewa unaotumika kwenye treni nyingi duniani, hewa iliyo ndani ya bomba refu la treni ndiyo inayoziachia breki. Bomba likikatika, au mabehewa yakiachana, hewa hutoka na breki hushika zenyewe katika kila behewa. Wanaoogopa kwamba dereva akisinzia treni itajiendea hadi mwisho wa njia nawajibu vivyo hivyo: vichwa vya treni vya kisasa vina kifaa kinachomdai dereva ajibu kila baada ya muda mfupi, na asipojibu hulia, kisha hushika breki. Mlio wa ta-ta, ta-ta unaowanyima watu usingizi kwenye reli ya zamani nao si ubovu, ni gurudumu linalopita kwenye maungio ambayo yameachiwa mwanya mdogo ili chuma kipate nafasi ya kutanuka juani. Katika njia zilizochomelewa maungio hayo hayapo, ndiyo maana hazina mlio huo.

Dhana: chumba cha mwisho wa behewa ndicho kitulivu

Wateja wangu wanaokwenda Dar es Salaam kupanda TAZARA huniomba chumba cha mwisho wa behewa kwa sababu hakuna wapita njia wengi. Nawakatalia kila mara. Miisho ya behewa ndiko kuliko magurudumu, vyoo na milango, kwa hiyo ndiko kwenye mtikiso, harufu na kelele. Chumba cha katikati kiko mbali na magurudumu ya pande zote mbili, na mtikiso wake ni mdogo kwa namna ambayo hata mgeni ataihisi usiku wa kwanza. Kitanda cha chini kinamfaa mwenye magoti mabovu na mwenye mzigo wa kuulinda, kwa sababu huweza kuusukuma chini ya kitanda chake. Cha juu kinamfaa anayetaka kulala mapema, kwa kuwa cha chini huwa kiti cha wote mpaka wa mwisho atakapochoka kuzungumza. Daraja la kwanza la TAZARA lina vitanda vinne kwa chumba na la pili lina sita, na wanaume hutenganishwa na wanawake isipokuwa mmekinunua chumba kizima. Mume na mke wanaotaka kuwa pamoja wanunue vitanda vyote vinne tangu siku ya kukata tiketi, kwa maana kondakta hawezi kuwasaidia treni ikishajaa.