Ngome Zilipitwa, Mji Ukaanguka: New Orleans, 1862

Mji wa bandari ulio kando ya mto unaweza kutekwa bila ukuta wake kuguswa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, hilo liliupata New Orleans, mji mkubwa kuliko yote ya Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, wenye wakazi wapatao 168,000. Pamba ya bonde la Mississippi ilipakiwa melini hapo.

Ulinzi wake ulitegemea ngome mbili, Jackson na St. Philip, zilizokuwa kilomita kama 110 kutoka mjini, kuelekea baharini, zikiwa na mizinga zaidi ya 100. Mto ulizibwa kwa minyororo iliyofungwa kwenye meli kuukuu. Hata hivyo askari wengi walikuwa wamepelekwa kaskazini, kwani viongozi wa Kusini waliamini hatari ingeteremka na mto. Kwangu mimi, hilo ndilo kosa lililowaponza.

Kuanzia tarehe 18 Aprili 1862, jeshi la wanamaji la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, lilizimiminia ngome mabomu kwa siku kadhaa, nazo hazikusalimu amri. David Farragut, kamanda wa kikosi hicho, akachoka kungoja. Usiku wa kuamkia tarehe 24, kizuizi kikiwa kimeshatobolewa, aliingiza manowari 17 katikati ya mizinga ya pande zote mbili. Meli ya mvuke haisubiri upepo, hivyo haikai mbele ya mizinga kwa muda mrefu. Nyingi zilipenya. Siku iliyofuata zilikuwa mbele ya mji, na kwa kuwa mto ulikuwa umefurika, mizinga ya meli hizo ilitazama mitaa kutoka juu ya tuta. Jenerali Mansfield Lovell, kamanda wa Kusini mjini, akaondoa askari wake. Huko nyuma, askari wa ngome ya Jackson waliasi, na tarehe 28 ngome zote mbili zikasalimu amri.

Memphis, mji mwingine wa Kusini kando ya mto huo, ilifuata tarehe 6 Juni, baada ya pambano la meli lisilofika saa mbili, wakazi wakitazama kutoka kwenye genge la mto. Vicksburg, nayo kando ya Mississippi lakini iliyojengwa juu kwenye miinuko, iliwashinda wanamaji. Ilibidi Jenerali Grant wa Muungano aizingire kwa nchi kavu hadi tarehe 4 Julai 1863.

Mjini New Orleans kwenyewe, Septemba 1862, Muungano uliandikisha kikosi cha askari weusi, wakiwemo waliotoroka utumwani. Mei 1863 askari hao walishambulia Port Hudson, ngome ya mwisho ya Kusini kwenye Mississippi, iliyosalimu amri tarehe 9 Julai.