Kupiga magazetini: si kila aliyepigwa ana nundu

Asubuhi moja, kwenye meza ya magazeti kituoni, mzee mmoja alisoma kwa sauti: "Madiwani wapigwa msasa." Akasonya. "Wamekosa nini tena hawa?"

Hawakukosa kitu, walikuwa semina. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza. Mafundi waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi ya dukani kurithi jina hilo. Diwani aliyepigwa msasa amenolewa tu, na huenda kaondoka na posho.

Dhana inayozaa mkanganyiko huu ni kwamba kupiga ni kuchapa, na matumizi mengine ni maneno ya vijiweni yaliyopenya magazetini. Sivyo. Tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga chafya, wala haumii mtu. Kitenzi hiki peke yake kimebeba kidogo. Neno linalokifuata ndilo lenye mzigo. Kesi ikipigwa kalenda imeahirishwa, gari likipigwa mnada limeuzwa, biashara ikipigwa marufuku imekatazwa.

Wengi pia huamini kupigia kura ni kuunga mkono. Si lazima. Kura asili yake ni bahati nasibu: askari waliolipigia kura vazi la Yesu hawakuwa wakilichagua kuwa mbunge. Ukisoma "wabunge waupigia kura muswada", bado hujaambiwa kama umepita. Tafuta idadi ya ndiyo na hapana.

Michezoni ndiko kitenzi hiki kinakojiachia. Novemba 5, 2023 Yanga iliipiga Simba 5-1, na mechi yenyewe ilipigwa Uwanja wa Mkapa. Wa kwanza kafungwa, ya pili imechezwa tu. (Mashabiki wa Simba watasema zote mbili ziliuma.) Na kichwa cha habari kikisema "Yanga yaipiga Simba", wapo wanaodai ni kosa, eti iwe "imeipiga". Si kosa. Hiyo -a- ni njeo halali ya wakati uliopo. Wahariri wanaipenda kwa kuwa ni fupi na inaleta tukio mbele ya macho.

Mpaka wa Namanga nao una yake. Gazeti la Nairobi likiandika meneja amepigwa kalamu, amefutwa kazi. Likiandika mradi umepigwa jeki, umeongezewa nguvu, wala hakuna tairi lililopasuka.

Upande wa Tanzania kuna "upigaji", yaani wizi wa fedha, na hapa ndipo ningeomba waandishi wenzangu wapunguze mwendo. Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitoka, kila hoja ya ukaguzi huitwa upigaji, wakati nyingine ni risiti zilizokosekana au taratibu za manunuzi zilizorukwa. Mpiga kura ni raia, mpiga picha ni fundi. Ukimwita mtu "mpigaji" ukaishia hapo, umeshamwita mwizi. Hati ya mashtaka haina neno hilo. Ina ubadhirifu, wizi, uhujumu uchumi, na kila moja lazima lithibitishwe.