Betri ya moyo wako imewekwa mapigo mangapi?

Wagonjwa wenye betri ya moyo, yaani kifaa kidogo kinachopandikizwa mwilini ili kuuchochea moyo upige, wanaokuja kliniki yangu hapa Moshi wanakumbuka mambo mengi: mwaka waliowekewa, hospitali iliyowawekea, ng'ombe au kiwanja kilichouzwa kupata fedha. Ukiwauliza kifaa kimeelekezwa kipige mara ngapi kwa dakika, wengi hawana jibu. Nikikisoma kwa kompyuta yake mara nyingi nakuta 60. Vifaa vingi hutoka kiwandani na namba hiyo, kikapandikizwa nayo, mgonjwa akaenda nayo nyumbani, na miaka ikapita bila mtu kuigusa.

Kwa wengi 60 inatosha kabisa. Leo nawaandikia wenye ugonjwa wa mapigo yasiyo na mpangilio, ambao kwenye faili huandikwa AF, na ndugu wanaowaleta kliniki. Kwao namba hiyo yaweza kuamua kama mzee anafika shambani au anaishia kwenye kiti cha barazani.

Katika AF, vyumba vya juu vya moyo, yaani atria, huacha kusinyaa kwa pamoja. Umeme huzunguka humo ovyo, mara 350 hadi 600 kwa dakika. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna nodi ndogo inayochuja, ikiruhusu baadhi tu ya mapigo kupita, tena bila utaratibu. Ndiyo maana ukimshika mgonjwa mkono unahisi mapigo mawili ya haraka, kisha kimya, kisha moja zito. Zaidi ya hapo, moyo unapoteza ule msukumo wa mwisho wa atria ambao kwa kawaida huchangia kati ya asilimia 20 na 30 ya damu inayojaza vyumba vya chini. Mwenye moyo uliokakamaa kwa presha ya miaka mingi huhisi pengo hilo kuliko mwingine.

Hapo huulizwa: kama AF hupeleka moyo mbio, betri ya nini? Kifaa hiki hakiwezi kushusha mapigo yanayokwenda mbio. Kazi yake ni kuhakikisha hayashuki chini ya kiwango kilichowekwa. Mgonjwa wa AF huwekewa kwa sababu nodi yake imechoka na mapigo yanaanguka hadi anazimia, au kwa sababu dawa za kutuliza mbio zinamshusha kupita kiasi, au kwa sababu nodi imechomwa kwa makusudi baada ya dawa zote kushindwa, na tangu siku hiyo moyo wake unaitegemea betri kwa kila pigo. Hali hizi tatu hazipangiwi namba moja.

Nichukue mfano wa mama mmoja mwenye miaka sabini na ushee kutoka Kibosho. AF yake ni ya kudumu, nodi haipitishi kitu, na ana betri yenye waya mmoja. Akiwa ameketi hana shida. Akipandisha kutoka bondeni na mzigo wa majani ya ng'ombe anasimama njiani mara kadhaa, anashika mgomba, anasubiri pumzi irudi. Watoto walisema ni uzee. Kliniki aliyotoka walimwongezea dawa ya kukojoa.

Nilipofungua kumbukumbu za kifaa, grafu ya mapigo ilikuwa na nguzo moja tu, ndefu, kwenye 60. Kulia kwake hakukuwa na kitu. Awe usingizini, awe jikoni, awe mlimani na mzigo kichwani, moyo wake ulipiga 60 tu. Kihisi cha kuongeza mapigo mtu anapofanya kazi kilikuwamo ndani ya kifaa, ila hakikuwahi kuwashwa. Tulikiwasha, tukapandisha kiwango cha chini hadi 70 na cha juu hadi 110, kisha nikamwomba atembee ukumbi mzima na kupanda ngazi huku namfuata nyuma.

"Unajisikiaje, mama?"

"Afadhali, mwanangu. Safari hii miguu ndiyo imechoka, si kifua."

Jibu lile lilinifurahisha kuliko kipimo chochote cha siku hiyo, kwa sababu miguu ya mama aliyekaa miezi mingi bila kupanda mlima inapaswa kuchoka.

Lakini kuwasha kihisi hakumalizi kazi, na hapa jiografia yetu inaingia. Vihisi vingi hupima mtikisiko wa mwili. Mtu anayeshuka ngazi kwa haraka hutikisika kuliko anayepanda polepole, kwa hiyo kifaa kinaweza kumwongezea mapigo wakati wa kushuka, ambapo hayahitaji sana, na kumnyima wakati wa kupanda. Mama aliyebeba mzigo kichwani hutembea kwa utulivu mkubwa, shingo na kiwiliwili havichezi, ilhali moyo unadai damu nyingi. Mwendesha baiskeli naye anatumia miguu tu, kifua kimetulia. Halafu mpandishe mzee aliyepumzika kwenye bodaboda katika barabara yenye makorongo: kifaa kinadhani anakimbia. Kuna wagonjwa waliolalamika moyo kwenda mbio kila wanapotoka kijijini kuja mjini, na chanzo kilikuwa barabara. Zipo betri zinazopima pia kasi ya kupumua, na kwa watu wa milimani nazipenda zaidi. Kwa zile za mtikisiko, huwa nauliza kwanza mtu anaishi wapi. Wa TPC, kwenye mashamba ya miwa ya tambarare, na wa Marangu kwenye mteremko wa mlima siwapangii kihisi sawa, hata kama miili na magonjwa yao vinafanana.

Sasa utafiti. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walichapisha jaribio liitwalo myPACE. Walichukua wagonjwa 107 wenye betri, ambao moyo wao unasukuma vizuri lakini unajaa kwa shida. Kundi moja lilibaki kwenye 60, jingine likapangiwa namba kufuatana na mwili wa mtu, hasa urefu wake, na katikati ya kundi hilo ilikuwa 75. Baada ya mwaka, waliopandishwa walieleza maisha bora zaidi, walijongea zaidi, na hata muda waliokaa katika AF ulipungua. Mwaka huohuo likatoka jaribio jingine, RAPID-HF, la watu 29. Hao waliongezewa mapigo wakati wa mazoezi, na uwezo wao wa kufanya mazoezi haukuongezeka, kwa sababu kila pigo lilisukuma damu kidogo kuliko awali.

Wenzangu wengine husoma la pili na kusema basi tuache namba zilivyo. Sikubaliani nao. RAPID-HF lilihusu kupigisha atria, jambo lisilowezekana kwa mwenye AF ya kudumu, na halikuwa na mtu kama yule mama wa Kibosho ambaye nodi yake haipitishi kitu. Lakini pia sitaki mtu asome myPACE akakimbilia kliniki kudai 75. Si wote mle walikuwa na AF, na watafiti waliwachagua kwa uangalifu watu ambao kupandisha namba kusingewaumiza kwa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ni hii. Betri ya kawaida hupigisha moyo kuanzia ncha ya chumba cha chini cha kulia. Umeme unasafiri kinyume cha njia yake ya asili, upande mmoja wa moyo unasinyaa kabla ya mwenzake, na moyo uliokwisha kudhoofika unaweza kudhoofika zaidi. Jaribio la DAVID la mwaka 2002, lenye wagonjwa 506 wenye mioyo dhaifu, lilionyesha hivyo: waliopangiwa kupigishwa kwa 70 walikufa au kulazwa kwa moyo kushindwa kazi zaidi kuliko wale ambao kifaa kiliachwa kiingilie tu mapigo yakishuka chini ya 40. Kwa hiyo kabla sijagusa namba natazama asilimia ya mapigo yanayotoka kwenye betri. Kama ni karibu 100, moyo umeshaitegemea, na kutoka 60 kwenda 70 hakuongezi sehemu hiyo. Kama ni 10, yaani mgonjwa anajipigia mwenyewe karibu muda wote, kupandisha namba ni kumlazimisha apite njia mbaya aliyokuwa akiiepuka. Huyo namwacha alipo na kutafuta sababu ya uchovu kwingine: damu pungufu, tezi ya shingo, dawa za kushusha mapigo zilizozidi.

Kuhusu hizo dawa nitasema kwa kifupi. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2010, RACE II, la wagonjwa 614 wa AF ya kudumu, lililinganisha wanaobanwa wawe chini ya 80 wakipumzika na wanaoruhusiwa hadi 110. Walioachiwa hawakupata madhara zaidi. Mgonjwa mwenye 95 asiye na dalili yoyote simwongezei vidonge ili tu karatasi ipendeze.

Kuna pia walioachwa juu mno. Baadhi ya watu wetu huchomwa nodi nje ya nchi na kurudi na kifaa kilichopangwa 80 au 90. Hilo ni sahihi kwa wiki za mwanzo, kwa sababu moyo uliozoea mbio ukishushwa ghafla unaweza kuingia kwenye mdundo wa hatari. Lakini namba inatakiwa iteremshwe baadaye, polepole, na anayerudi nyumbani bila barua ya maelezo hukaa na 90 usiku na mchana. Analala akisikia kifua kinagonga, anapewa dawa za usingizi, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anapata maumivu. Kifaa nacho kinaisha haraka, na kukibadilisha ni fedha nyingi. Watu hawa huwa nawashusha kwa mapigo matano hadi kumi kila wanaporudi, na kama kifaa kina mpangilio wa usiku, nauwasha.

Nitajuaje kama nimemsaidia mtu? Kuna dodoso za kimataifa, kama AFEQT yenye maswali 20, na ni nzuri. Katika chumba changu naandika mambo ambayo mgonjwa mwenyewe ameyataja: anafika kanisani kwa miguu au anapakiwa, analala na mito mingapi, mara ya mwisho kukata ndizi mwenyewe ilikuwa lini, mjukuu akilia usiku nani anaamka. Akirudi baada ya wiki kadhaa nauliza mambo yaleyale. Na namuuliza yeye. Huku kwetu mtoto aliyelipa nauli ndiye hujibu, "Anaendelea vizuri tu, daktari," na mzee anatikisa kichwa kwa heshima. Huwa nawaomba vijana wasubiri nje kidogo. Mlango ukifungwa, mzee anasema kwamba kweli ameacha kwenda kwenye vikao vya ukoo kwa sababu kilima kimemshinda, na hataki wajue.

Jambo moja ambalo namba yoyote hailigusi: kiharusi. AF huongeza hatari yake takriban mara tano, kwa sababu damu hutuama na kuganda katika atria zisizosinyaa, na betri haibadilishi hilo. Wapo wanaoacha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakiamini betri imewaponya. Tafadhali msiache. Kwa wale wenye vali iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi, ambao kwetu wengi ni vijana, jaribio la INVICTUS la mwaka 2022 lilionyesha kwamba dawa za kundi la warfarini ziliwalinda kuliko rivaroksabani, dawa mpya isiyohitaji kila mara kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kero ya kurudi maabara ili INR ikae kati ya 2 na 3 inastahili kuvumiliwa.

Mkienda kliniki, bebeni kadi ya kifaa. Mashine ya kusomea ya kampuni moja haisomi betri ya kampuni nyingine, na mtu anaweza kutoka Same au Karatu akarudi bila kuhudumiwa. Pigeni simu mapema, tajeni jina la kampuni lililoandikwa kwenye kadi, muulize kama mashine yake ipo siku hiyo. Mkishasomewa, ombeni muandikiwe nyuma ya kadi mambo matatu: kiwango cha chini, kama kihisi kimewashwa, na asilimia ya mapigo yanayotoka kwenye betri. Daktari atakayefuata atajua pa kuanzia.