Zilizokuwa pembeni mwa slaidi yangu

Sampuli za namna hii zina tabia ya kufika maabara Ijumaa alasiri, watu wakishawaza nyumbani. Kichupa kidogo, ndani yake kipande cha nyama cha ukubwa wa punje ya mchele, na karatasi yenye maneno machache: mtoto wa siku tano, hajapata choo tangu azaliwe, tumbo limejaa. Daktari wa upasuaji anataka jibu moja tu kutoka kwangu: seli za neva zipo, au hazipo?

Anachokihofia ni ugonjwa wa Hirschsprung, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Mimba ikiwa changa, seli zitakazozaa neva za utumbo husafiri kutoka juu kwenda chini. Kwa watoto hawa safari iliishia njiani. Kipande ambacho hazikukifikia hubana na hakipitishi kitu.

Kutafuta seli hizo kwenye hadubini kunachosha macho, kwa hiyo huwa naomba slaidi zipakwe rangi za ziada. Mojawapo ni S100, ambayo haizipaki neva zenyewe bali seli ndogondogo zinazozizunguka. Kwa miaka mingi nilizitumia kama mgeni anavyofuata nguzo za umeme ili aipate nyumba. Nikishaifikia neva, nguzo nazisahau.

Hizo ndogondogo ndizo glia. Jina lenyewe liliwavunjia heshima: ni neno la Kigiriki la gundi, na Rudolf Virchow alilitumia katika karne ya 19 akiamini kwamba kwenye ubongo hazina kazi zaidi ya kushikiza neva mahali pake. Sisi tuliokuja baadaye tulilirithi jina pamoja na dharau yake.

Sasa tuache neva kidogo, twende kwenye ngozi ya ndani ya utumbo. Ngozi hiyo hubadilika karibu yote kila baada ya siku tatu hadi tano. Uliyokuwa nayo Jumatatu, kufika Jumamosi imeshapukutika na kutoka na choo. Utumbo mwembamba una vidole vidogo mno vinavyofyonza chakula, na kati ya vidole kuna vishimo. Chini kabisa ya kila kishimo hukaa seli shina chache, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine za ngozi hiyo. Kila moja ikigawanyika, seli nyingine hupanda juu kwenda kufanya kazi na kufa, nyingine hubaki chini. Ni kama mkulima mwenye akili: anakula mavuno, lakini kibuyu cha mbegu hakigusi. Mwaka 2007 maabara ya Hans Clevers kule Utrecht, Uholanzi, ilizitambua seli hizo kwa alama iitwayo Lgr5, na mwaka 2009 watafiti haohao wakachukua seli moja tu wakaiotesha ikawa kijiutumbo ndani ya kisahani.

Lakini nani anaiambia seli shina ibaki shina, isipande juu na wenzake? Ujumbe huo hubebwa zaidi na protini za kundi la Wnt. Kwa muda jibu lilionekana rahisi: jirani zake wa humo kishimoni, seli za Paneth, ndio wanaozitoa. Kisha mwaka 2012 panya waliondolewa seli za Paneth, na seli shina zao zikaendelea kama kawaida. Kwa hiyo ujumbe ulikuwa unatoka kwingine pia, chini ya ngozi, kwenye tishu ambayo sisi wa hadubini huipita haraka tukielekea tunakotaka.

Hapa ndipo glia wanapoingia, na hawakuingia kwa amani. Mwaka 1998 watafiti waliua glia wa panya wenye protini ya GFAP. Utumbo mwembamba uliwaka kwa uvimbe mkali, panya wakafa ndani ya wiki chache. Mwaka 2017 wengine waliua glia kwa kufuata alama tofauti, PLP1, na ngozi ya utumbo haikutikisika. Kilichobadilika ni mwendo wa chakula, tena kwa panya jike. Watu wakabishana kweli. Mimi nilikuwa upande wa wale waliosema jaribio la 1998 huenda lilidhuru zaidi ya lilichokusudia.

Mwaka 2022 kundi la watafiti wa hospitali ya watoto ya Toronto lilionyesha kwamba pande zote zilikuwa na hoja, kwa sababu glia si ukoo mmoja. Wale wa GFAP hukaa karibu na vishimo na kutoa Wnt. Ukiwaondoa, seli shina hupungua. Wale wa PLP1 ukiwaondoa katika hali ya kawaida, seli shina hazina habari. Na utumbo ukijeruhiwa, glia wa GFAP huongezeka na kusaidia kuotesha ngozi upya. Nilikosea, na nilifurahi kukosea.

Kwetu sisi tunaoishi mahali ambapo minyoo ya tumbo ni jambo la kawaida, kuna jambo jingine. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Francis Crick, London, waliwaambukiza panya minyoo inayojichimbia kwenye ukuta wa utumbo. Glia waliitikia ishara za kinga ya mwili, na walipozuiwa kuitikia, jeraha halikupona vizuri.

Niseme na hili, kwa kuwa naulizwa kila nikienda harusini: zile pakiti za unga zinazouzwa mjini kwa jina la seli shina, za kukoroga kwenye maji na kunywa. Seli ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama lilivyomeng'enya maini ya jana. Seli shina za utumbo wako tayari unazo, na hazikai kwenye njia anayopita mnywaji.

Juzi, baada ya kumjibu daktari wa upasuaji (neva zilikuwepo, mtoto hana Hirschsprung), sikuirudisha slaidi kwenye trei. Niliisogeza kutoka kwenye neva hadi kwenye vishimo. Nyuzi za S100, nyembamba kama utando wa buibui, zilipanda hadi chini kabisa ya kishimo na kukizunguka. Fundi sanifu wetu akapita, akaona bado nimeinama.

"Dokta, kuna uvimbe?"

"Hapana," nikamwambia. "Hebu njoo uone."