Polisi waliowajua majirani zao kwa majina

Ukitaja vita ya pili ya dunia watu wengi wanawaza askari wa Kijerumani tu, na sisi tunaofundisha historia ya mauaji ya Wayahudi kila mara inabidi turudi kwa kundi ambalo halitajwi sana, polisi wasaidizi wa Belarus. Wenyeji waliwaita politsai, na hilo neno kule si la heshima kabisa.

Iko hivi, Mjerumani alivamia Juni 1941, Belarus ikiwa chini ya Wasovieti, mji mkuu wake Minsk ukaanguka mwezi huohuo, ila nchi ni kubwa, misitu na vinamasi kila upande, askari wa kukaa kila kijiji hana. Julai Himmler, mkuu wa SS na polisi wa Kijerumani, akaagiza viundwe vikosi vya wenyeji, ndo hao Schutzmannschaft. Mwanzoni wengi walijitolea wenyewe, kuna waliofuata mshahara, kuna waliowachukia Wasovieti, kuna waliotamani mali za Wayahudi, baadaye wengine wakachukuliwa kwa nguvu. Siku zile za kwanza hata yunifomu hakuna, unaona kijana wa palepale kijijini kafunga kitambaa cheupe mkononi na kabeba bunduki.

Hapo kwenye "wa palepale" ndo penyewe. Askari katoka Hamburg juzi, atajuaje nyumba ipi ni ya Myahudi, atajuaje yule binti ni wa nani? Politsai anajua, kakua nao. Mji wa Borisov, Belarus, Oktoba 1941, Wayahudi kama 7,000 waliuawa ndani ya siku mbili, na polisi wenyeji walikuwa mstari wa mbele.

Ila pale Mir, mji mdogo wa Belarus, mkalimani wa kituo cha polisi, Oswald Rufeisen, alikuwa Myahudi aliyeficha asili yake. Akasikia mpango wa kuwamaliza watu wa geto, yaani eneo walikofungiwa Wayahudi, akawapenyezea silaha, halafu usiku wenyewe wa Agosti 1942 akawadanganya polisi kwamba kuna wapiganaji wa msituni upande mwingine, wakatoka kuwafuata, watu kama 200 wakatoroka. Waliobaki wakauawa siku chache baadaye.

Baada ya vita baadhi ya hawa polisi walijichanganya na wakimbizi wakapotelea Ulaya. Anthony Sawoniuk, aliyekuwa polisi kwenye mji wa Domachevo, Belarus, aliishia London akifanya kazi reli. Mwaka 1999 mahakama ya Uingereza ilisafirisha raia wa jopo la kuamua kesi yake mpaka Domachevo, kwenye theluji, wakaone wenyewe mahali ambapo shahidi alijificha akitazama watu wanauawa. Sawoniuk akapewa kifungo cha maisha, akafia gerezani 2005. Shahidi mwingine kwenye kesi hiyo alikuwa anamfahamu tangu utotoni.