Usalama wa kisaikolojia kazini ni nini, na kwa nini unaanza na meneja

Usalama wa kisaikolojia ni imani waliyo nayo watu wa timu moja kwamba hakuna atakayeaibishwa, kuadhibiwa wala kuwekewa kinyongo kwa sababu ameuliza swali, amekiri kosa, ameomba msaada au amempinga mkubwa wake. Imani hiyo ni ya timu nzima. Ndiyo maana mfanyakazi yuleyule anaweza kuwa msemaji hodari katika idara moja, akahamishiwa nyingine akageuka bubu. Hulka yake ni ileile. Kilichobadilika ni kile anachotarajia kimpate akifungua mdomo, na mara nyingi anayeamua hilo ni meneja.

Jina kubwa katika uchunguzi wa jambo hili ni Amy Edmondson, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard. Wasomi wengine walikuwa wameligusa kabla yake, Edgar Schein na Warren Bennis mwaka 1965, kisha William Kahn mwaka 1990. Yeye alikutana nalo bila kulitafuta. Alikuwa anachunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini, akitaka kujua kama timu zinazoshirikiana vizuri hukosea mara chache zaidi. Takwimu zikaja kinyume kabisa: timu zilizosifiwa kwa uongozi mzuri na ushirikiano ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Msaidizi wake wa utafiti, ambaye hakuambiwa timu ipi imepata alama gani, akaenda kukaa nao na kuwatazama wakifanya kazi. Alichokiona kilifumbua fumbo. Kuna mahali wauguzi walisema makosa yao waziwazi na kuyajadili, na kuna mahali waliyaficha kwa kuogopa kuandamwa. Kumbukumbu zile zilikuwa zinaonyesha makosa yaliyosemwa, na kusemwa ni jambo jingine kabisa na kutendeka.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996. Mwaka 1999 Edmondson akatoa utafiti mwingine, safari hii wa timu 51 za kampuni moja ya viwanda, akaifafanua dhana yenyewe na kuonyesha kwamba timu zenye usalama huu hujifunza zaidi, na kwa kujifunza huko kazi yao huwa bora. Google nayo ilipochunguza takribani timu zake 180, katika mradi ulioanza mwaka 2012, ililiweka jambo hili juu ya mengine yote yaliyotofautisha timu nzuri na za kawaida.

Meneja akiyatafakari matokeo ya hospitali zile anapaswa kushtuka. Idara isiyoleta tatizo lolote mezani kwake inaweza kuwa imetulia kweli. Inaweza pia kuwa imezoea mtindo wa funika kombe mwanaharamu apite. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha juu, hali hizo mbili zinafanana, na ripoti za kila mwezi hazitakusaidia kuzitenganisha, kwa kuwa wanaoziandika ni walewale walioamua kunyamaza.

Tena kunyamaza kwao kuna mantiki. Mtu akiona hatari na kuisema, faida inaenda kwa kampuni nzima, pengine baada ya miezi. Hasara, kama ipo, inampata yeye, na inampata leo: jicho la bosi, kicheko cha wenzake, jina la mkorofi, hata hofu ya kumwaga unga. Akinyamaza hakuna wa kumuuliza. Hesabu hii kila mwajiriwa anaipiga kichwani kwa nukta moja tu, bila hata kujua kwamba ameipiga. Kazi ya kiongozi ni kuibadilisha hesabu hiyo. Kuhimiza watu wawe jasiri, huku bei ya ujasiri ikiwa palepale, ni kuwaonea.

Tukio linaloonyesha haya kwa ukatili mkubwa lilitokea tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Hispania. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege mbili aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye barabara moja ya kurukia, ya KLM, shirika la Uholanzi, ikisubiri kuruka na ya Pan Am, shirika la Marekani, ikiwa bado inatembea juu ya barabara hiyohiyo. Rubani mkuu wa KLM alikuwa miongoni mwa watu walioheshimika sana katika shirika lake, mkufunzi wa marubani wa ndege za aina ile. Alipotaka kuondoka mara ya kwanza, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba hawajapata kibali, naye akatulia. Muda mfupi baadaye akaanza tena, kibali cha kuruka kikiwa bado hakijatolewa. Safari hii rubani msaidizi hakumzuia. Mhandisi wa ndege, aliyekuwa akifuatilia redio, akauliza kama yule wa Pan Am hajatoka barabarani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi hakusema tena. Sekunde chache baadaye ndege ziligongana, wakafa watu 583.

Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, ukiwemo ukungu wenyewe na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Hata hivyo swali lililohitajika liliulizwa, na aliyeuliza alikuwa mtu mwenye ujuzi. Lilikufa kwa sababu lilitoka chini kwenda juu, kwa sauti ya unyenyekevu, likakutana na jibu la mtu asiyezoea kuulizwa mara mbili. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha kuhusu ushirikiano wa marubani, na mwaka 1981 shirika la ndege la United Airlines likaanza kuwafundisha marubani wake. Mafunzo ya aina hiyo yana pande mbili: mdogo anafundishwa kusisitiza asiposikilizwa, na mkubwa anafundishwa kusikiliza. Maofisini mara nyingi tunakumbuka upande wa kwanza tu. Tunawapeleka vijana kwenye semina za kujiamini, kisha tunawarudisha kwa bosi yuleyule anayewakata kauli.

Wapo mameneja wanaoiogopa dhana hii wakidhani ni kuwalea watu kama mayai. Hofu yao naielewa, ila haina msingi. Edmondson mwenyewe anatenganisha usalama na viwango vya kazi kama mambo mawili yanayopimwa kila moja peke yake. Timu yenye usalama bila viwango inabweteka. Yenye viwango vikali bila usalama inaishi kwa wasiwasi, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo hatari zaidi, maana kwa nje inaonekana timu ya wachapakazi. Mzembe anayerudia kosa lilelile atawajibishwa, na anayevunja kanuni kwa makusudi ataadhibiwa. Kinacholindwa ni kusema: yule aliyekuja asubuhi na mapema kusema “nimekosea hesabu za mteja” hawezi kutendewa sawa na aliyezificha mpaka mteja akazigundua mwenyewe. Meneja anayewapa wote wawili karipio moja amewafundisha wengine wote kuficha.

Sasa tuje kwenye lililo mikononi mwa meneja. La kwanza, na kwangu linayazidi mengine yote, ni dakika ile habari mbaya inapomfikia. Alan Mulally alipochukua uongozi wa kampuni ya magari ya Ford mwaka 2006, aliweka kikao cha kila wiki ambapo wakuu wa vitengo walionyesha hali ya miradi yao kwa rangi: kijani kwa iliyo sawa, njano kwa yenye mashaka, nyekundu kwa iliyokwama. Wiki za mwanzo karibu kila kitu kikaja kijani, katika kampuni ambayo mwaka huo ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Hatimaye Mark Fields, mmoja wa wakuu hao, akaonyesha nyekundu kwa gari jipya lililokuwa na hitilafu kabla ya kuingia sokoni. Ukumbini kukawa kimya. Mulally akapiga makofi, akamshukuru kwa uwazi wake, kisha akauliza nani anaweza kumsaidia. Katika vikao vilivyofuata rangi nyingine zikaanza kujitokeza.

Makofi yenyewe si lazima. Meneja akiletewa habari mbaya, sentensi yake ya kwanza iwe “asante kwa kunieleza mapema”, na ya pili iwe swali kuhusu tatizo: limeanza lini, limefika wapi, tunahitaji nini. Swali la “nani kafanya hivi” lina wakati wake, likitangulia linafunga milango. Na uso nao unasema. Watu wanaangalia kama umekunja ndita kabla hawajasikia ulichosema.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. “Kuna mwenye swali?” mwishoni mwa kikao, watu wakiwa wameshafunga madaftari, ni kuaga. Jaribu “katika mpango huu ni kipi kinawatia shaka?”, kisha subiri, hata kimya kikikuchoma. Anza na wa cheo cha chini, wewe uwe wa mwisho kutoa maoni, kwa kuwa ukishasema lako wengi watalifuata. Useme pia pale usipojua. Bosi anayesema “hili silifahamu vizuri, nielewesheni” amewapa ruhusa wote waliokuwa wanajifanya wanaelewa.

Halafu kuna kurudisha majibu, jambo dogo linaloangusha wengi. Mtu ametoa wazo, limepokelewa kwa tabasamu, halikusikika tena. Akitoa la pili likaishia hivyohivyo, la tatu hutalipata. Kama wazo halitekelezeki, mwambie na umpe sababu. Kukataliwa kwa maelezo kunavumilika kuliko kupuuzwa.

Sanduku la maoni lisilo na majina linasaidia pale hofu imeshakomaa, lakini lisiwe makazi ya kudumu, kwani linathibitisha kwamba kujitaja ni hatari. Na meneja atakayeanza kuulizia mwandiko wa barua iliyomo ndani yake ajue ataijenga upya imani ya timu kwa muda mrefu sana.

Kama unataka kujua timu yako iko wapi, usiwaulize kama wako huru kusema, kwani wenye hofu watajibu ndiyo. Kumbuka tu mara ya mwisho mtu wa chini yako alipokuletea habari mbaya kabla hujaiuliza, na mara ya mwisho ulipobadili uamuzi kwa sababu mmoja wao alikupinga. Ikiwa hukumbuki hata moja, anza na kikao chako kijacho.