Kunywa kwa kiasi: ni kiasi gani, na moyo unafaidika nini?

Kaa kwenye baa yoyote ya Kirumba au Igoma, jijini Mwanza, kila mnywaji atakwambia anakunywa kistaarabu. Hata wa moja moto, moja baridi.

Wataalamu wa afya wao wanapima gramu za alkoholi halisi. Kwa Marekani kinywaji kimoja ni gramu 14, na kwa miaka mingi kunywa kwa kiasi kulihesabiwa kuwa visivyozidi viwili kwa siku kwa mwanamume, kimoja kwa mwanamke. Uingereza uniti moja ni gramu 8, na tangu 2016 ushauri wao ni mtu asizidi uniti 14 kwa wiki, awe mwanamume au mwanamke.

Tuilete hesabu hiyo mezani kwetu. Bia ya mililita 500 yenye alkoholi asilimia 5 ina karibu gramu 20. Chupa moja tu, na mwanamke ameshavuka kipimo cha Marekani. Pombe kali ya asilimia 35, mililita 200, inabeba gramu 55 hivi. Gongo halina lebo, kwa hiyo halihesabiki.

Halafu kiasi hakilimbikizwi. Wavuvi wengi wa dagaa huvua gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika nchi kavu. Aliyekaa wiki tatu bila kugusa pombe, kisha akamaliza chupa nane kwa usiku mmoja, wastani wake wa mwezi utaonekana wa kistaarabu kabisa. Moyo hausomi wastani. Usiku kama huo unaweza kuuvuruga mapigo hata kwa kijana mwenye afya.

Na ile habari kwamba pombe kidogo ni dawa ya moyo? Ilivuma sana kuanzia 1992, mtafiti Mfaransa Serge Renaud alipohusisha mvinyo na uchache wa vifo vya moyo nchini kwake. Tafiti nyingi zikaonyesha wanywaji wa kiasi wana nafuu kuliko wasiokunywa. Kisayansi halikuwa wazo la ovyo: alkoholi hupandisha lehemu ile inayoitwa nzuri, na hupunguza damu kugandana.

Kasoro ilikuwa kwenye kundi la wasiokunywa. Humo alikuwamo mzee aliyeacha bia baada ya daktari kumwambia ini limechoka, au presha imepanda. Ukimlinganisha na mtu wa ofisini mwenye kipato, anayekula vizuri na kunywa glasi moja jioni, bila shaka glasi itaonekana imefanya kazi. Utafiti mkubwa wa China uliochapishwa 2019 ulipita njia nyingine: ulitumia jeni, yaani vinasaba vya kurithi, zinazowafanya baadhi ya watu wasiivumilie pombe, hivyo wakanywa kidogo kwa sababu ya kuzaliwa, si kwa sababu ya ugonjwa. Kwa njia hiyo, kinga dhidi ya kiharusi iliyodaiwa kwa wanywaji wa kiasi haikuonekana. Presha na kiharusi vilipanda kadiri pombe ilivyozidi.

Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya, hasa kwa sababu ya saratani. Kwa maoni yangu, asiyekunywa hana sababu ya kuanza eti kwa ajili ya moyo. Anayetumia dawa za presha amwambie daktari idadi ya kweli ya chupa, maana mnywaji wa zaidi ya vinywaji viwili kwa siku akipunguza, presha yake kwa kawaida hushuka.